Mboga za Sikukuu na Kitambaa Kisichochuja

Jumapili, tarehe 14 Agosti

Binti yangu kapiga simu mchana. Habari njema. Mama yake amekubali kuja Jumamosi kula chakula cha sikukuu hapa nyumbani. Hii ni wiki ya saba tangu abebe sanduku lake akahamia kwa dada yake. Atakuja na dada mtu pamoja na shemeji yake. Watakula, kisha ataamua kama anarudi kwangu au ndiyo basi tena.

Nyama wanakuja nayo wao. Mimi nimeachiwa mboga. Mboga tu, baba, binti akasema, kwa sauti ile anayozungumzia na wagonjwa wake hospitalini. Akarudia ujumbe wa mama yake mara mbili: zinunuliwe Ijumaa asubuhi, ziwe mbichi, na baba asifanye ujanja wowote. Nikamwambia amtoe mama yake wasiwasi.

Kosa langu nalijua na naliandika kwa mkono wangu. Mke wangu alipokwenda kumuuguza mama yake siku tisa, niliuza friji yake nikanunua mashine ya kutarizi. Friji aliinunua mwenyewe, kwa kusuka nywele za watu miaka miwili. Mashine haijatarizi hata ua moja. Siku hizi naiwekea pasi juu. Sakafu ya jikoni bado ina alama nne za kutu pale friji iliposimama, na kila nikipita nazikwepa.

Safari hii sifanyi ujanja. Nimeapa.

Jumatatu, tarehe 15 Agosti

Nimefikiri usiku kucha. Shida si mboga, shida ni mwanyumba wangu, yaani huyo mume wa dada yake mke wangu. Kimoyomoyo namwita Barafu. Ana friji ya milango miwili na hawezi kukaa dakika kumi bila kuitaja. Ana gari pia. Ijumaa asubuhi atafika sokoni kabla sijavaa viatu, atabeba kila kitu kizuri, na mimi nitaokota majani.

Kwa hiyo nimekwenda leo. Kuwahi si ujanja. Kuwahi ni busara.

Mama wa mboga alishangaa. Akaniuliza kama nyumbani nina friji. Nikamjibu nina njia zangu. Akasema basi, kama lazima, zisioshwe, zikae kwenye kapu la wazi penye ubaridi, ila afadhali nirudi Ijumaa alfajiri, atanitengea fungu langu chini ya meza. Nilimshukuru, nikamwambia mimi ni fundi cherehani wa miaka thelathini, kuhifadhi vitu ndiyo kazi yangu. Akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Nimenunua kabichi nne, koliflawa tatu, karoti, pilipili hoho, nyanya, mafungu kumi ya spinachi na kitita cha giligilani. Nimebeba mwenyewe mpaka mabega yakaniuma. Barafu atakoma.

Jumanne, tarehe 16 Agosti

Leo akili yangu imefanya kazi. Friji ni nini? Ni ubaridi na unyevu. Kitambaa kibichi kikipigwa na feni kinakuwa baridi, jambo hilo kila fundi cherehani analijua. Basi nikaamua kila mboga ipate mfuko wake wa kitambaa, uloweshwe, utundikwe kwenye lile bomba la kutundikia suruali za wateja, mbele ya feni.

Vitambaa ninavyo tele. Nimemaliza kushona vizibao vya wahudumu wa hoteli, rangi ya damu ya mzee, na mabaki yamejaa chini ya meza. Kitambaa cha maana. Nilimwapia meneja wa hoteli kwamba hakichuji hata ukichemshe.

Nilizipima mboga kwa tepu kama wateja. Kabichi kubwa kiuno sentimita sabini na mbili, wembamba huo mimi niliuaga zamani. Kila mfuko nimeutia kamba ya kukaza shingoni, pindo mara mbili. Mboga nimeziosha kwanza, maana huwezi kuvalisha kitu kichafu. Wateja kadhaa walikuja kuchukua nguo zao za sikukuu, nikawaambia warudi Ijumaa. Walinuna. Ila ukiingia chumba cha mbele sasa utadhani nguo za familia nzima zimetundikwa zinasubiri kuvaliwa. Maridadi kabisa.

Nilitamani mke wangu aone. Nilikaa kwenye kiti nikaitazama ile mifuko, nikawaza atakavyosema, kumbe huna friji lakini umenifikiria. Macho yakanilowa kidogo. Huenda ni vumbi la kitambaa.

Jumatano, tarehe 17 Agosti

Giligilani imekufa. Nimefungua mfuko, ndani mna uji wa kijani. Si neno. Giligilani ni kiungo tu, haihesabiki kwenye mboga.

Umeme ulikatika saa nne asubuhi hadi saa tisa. Feni ikasimama. Nilipepea kwa ubao wa kukatia nguo mpaka mkono ukafa ganzi. Mteja mmoja mama mtu mzima alinikuta napepea mifuko, akauliza ndani mna nini. Nikasema kabichi. Akachukua gauni lake akaondoka bila kulijaribu.

Nimelowesha mifuko yote upya, mara mbili zaidi.

Binti amepiga simu tena. Kasema Barafu alitaka kuleta mboga zake endapo zangu zitakosekana, na mama yake akamkatalia mbele ya watu wote. Alisema, mwacheni, amesema ataleta, ataleta. Binti alidhani habari hiyo itanifurahisha. Imenifurahisha kwa dakika moja, kisha nikarudi kuikagua mifuko.

Jumatano jioni. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mifuko yana wekundu kidogo. Ni kutu ya bomba, bila shaka.

Alhamisi, tarehe 18 Agosti

Si kutu.

Nimefungua mfuko wa koliflawa ya kwanza. Imetoka nyekundu kama kidonda. Ya pili hivyo hivyo. Kabichi zimeingiwa na rangi jani kwa jani. Karoti hazionekani sana, nazipongeza. Spinachi imeteleza yote mkononi, haina mbele wala nyuma. Nyanya zimepasuka. Kile kitambaa nilichokiapia kinachuja kwa maji ya bomba tu, tena maji baridi. Nikamkumbuka meneja wa hoteli na wahudumu wake ishirini watakaovaa vizibao hivyo juu ya mashati meupe. Nikamsahau upesi. Mtu hubeba mzigo mmoja kwa wakati.

Nimejaribu limau. Nimejaribu chumvi. Nimejaribu kumenya kabichi jani moja moja mpaka nifike palipo peupe. Kabichi ya sentimita sabini na mbili imebaki kama ngumi ya mtoto.

Nilikaa sakafuni, mikono myekundu mpaka viwikoni, nikajisema mwenyewe kwa sauti. Nimejuta. Aliomba jambo moja. Lakini bado kuna Ijumaa, na chini ya meza ya mama wa mboga kuna fungu langu.

Ijumaa, tarehe 19 Agosti

Wateja walipanga foleni tangu alfajiri. Wote wale niliowaambia warudi. Sikuweza kuwakimbia, kila mmoja anataka nguo yake ya sikukuu na wengine walikuja na waume zao. Nilifika sokoni saa nane mchana.

Mama wa mboga alikuwa anafagia. Nikamuuliza fungu langu. Akanitazama kwa huruma, akasema mzee, wewe si ulinunua Jumatatu, na ulinikatalia. Kisha akaongeza kwamba lile lililobaki lote lilichukuliwa na bwana mmoja mwenye gari, mkarimu sana, hakuomba hata apunguziwe. Akanipa mashina mawili ya kitunguu, bure.

Nilipotoka pale nilipaswa kusema kweli. Nilishika simu, nikampigia binti. Akauliza, baba, mambo yote sawa? Nikafungua kinywa nikasikia maneno yanatoka yenyewe: mboga ziko kama zilivyotoka shambani. Akasema, asante baba, nilikuwa na hofu. Akakata.

Ningempigia tena. Sikumpigia.

Jumapili, tarehe 21 Agosti

Naandika ya jana.

Walifika saa saba. Mke wangu alivaa lile gauni la kijani nililomshonea mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, na bado linamkaa. Nyama ilinukia vizuri. Katikati ya meza nikaweka bakuli langu: kabichi, koliflawa na karoti, vyote rangi moja. Barafu akauliza ni nini. Nikasema ni aina mpya, ndiyo imeingia sokoni, ya gharama, wenye friji za kawaida hawaipati. Akajipakulia kijiko kikubwa. Alikula kwa adabu. Alipotabasamu, meno yake yalikuwa mekundu. Dada mtu akamtazama, akaweka kijiko chini. Binti akatazama sahani yake na hakuinua uso tena.

Mke wangu alisukuma sahani yake kando. Alinyanyuka akaenda jikoni, nikamfuata. Mifuko niliificha ndani ya ndoo kubwa na alikuwa ameshaifungua. Alisimama hapo hapo penye zile alama nne.

Sikupigiwa kelele. Ningependa nipigiwe kelele. Aliniuliza taratibu kwa nini sikusema. Akasema jana yake friji ya shemeji yake ilijaa mboga mpaka mlango haufungi, na kama ningepiga simu angezibeba kwenye mkoba wake, akaingia nazo kwa mlango wa nyuma, watu wote wakala na kunisifu. Akasema ya friji alikwishanisamehe siku nyingi. Kinachomchosha ni kuishi na mtu asiyemwambia kitu mpaka kiharibike. Kisha akalia, na mimi nikalia, nikajifuta kwa mkono na uso wangu ukawa mwekundu, naye akacheka katikati ya kilio. Nilimpenda sana wakati ule. Nikaona aibu vilevile.

Akaondoka nao. Lakini mlangoni akasema Jumamosi ijayo atakuja na sanduku, tujaribu mwezi mmoja. Sharti ni moja: mpaka afike, nisiuze kitu chake chochote. Nikaapa. Akanitazama kama mama wa mboga alivyonitazama.

Nimejifunza. Jamani, safari hii nimejifunza kweli.

Jumatano, tarehe 24 Agosti

Siku ya ajabu na ya baraka. Asubuhi alikuja bwana mmoja kuchukua suruali, katika mazungumzo akasema anahama na ana friji nzima, anatafuta jiko la gesi. Mke wangu ana jiko la gesi hapa jikoni, lenye sehemu nne za kupikia, karibu jipya. Nililifikiria sharti lake kwa dakika nzima. Amesema nisiuze. Kubadilishana si kuuza, hata shilingi haikugusa mkono wangu.

Nilitaka kumpigia simu kwanza. Nikaona nitamharibia furaha.

Friji imefika saa kumi, imekaa sawasawa juu ya zile alama nne. Inaunguruma vizuri. Nimeshaijaza mboga za wiki nzima, mbichi kabisa, hata mama wa mboga ameshangaa. Jumamosi atafungua mlango na atajua kwamba mumewe amebadilika. Habari ya tutapikia nini tutaizungumza akishafika.