Barua kwa Mpwa Wangu Aliyeficha Folda za Mfumo

Kituo cha Habari cha Wakulima wa Matunda,
Kinole, Milima ya Uluguru,
S.L.P. ya kuazima.

14 Agosti 2006

Kumb. Na. KHW/KOMP/1

Kwa Ndugu Luqmani,
Mtaalamu wa Kompyuta wa Kituo, ambaye pia ni mpwa wangu,
Mzumbe.

Ndugu Mtaalamu,

YAH: KUFICHWA KWA FOLDA ZA MFUMO BILA IDHINI YA MJOMBA

Marahaba. Naitanguliza kwa sababu najua shikamoo yako iko njiani, na sipendi kuchelewesha majibu. Sisi hatujambo, mafenesi yamezaa mpaka yanatutia aibu, na mke wangu Filomena anakusalimu ingawa hajui naandika nini.

Kama ukumbukavyo, mwezi Mei ulituletea kompyuta yenye Linux, ukaiunganisha na umeme wa jua, ukanikabidhi ufunguo wa chumba na kunifanya mkuu wa mfumo. Nilikushukuru mbele ya watu. Mwezi uliopita ukaja tena, ukasema unaweka toleo jipya, ukanywa chai, ukaondoka. Kesho yake nawasha mashine, nafungua ile programu ya kuonyesha mafaili, folda zote za mfumo hazipo! Nimebakiziwa folda yangu ya nyumbani tu, yenye barua tatu na picha moja ya fenesi. Nilipokupigia simu ulisema zipo, ila zimefichwa ili mtumiaji wa kawaida asizivuruge. Kwa heshima zote za kiofisi naomba nipinge, kwa hoja zifuatazo.

1. Mimi si mtumiaji wa kawaida. Nilikuwa karani wa masjala kiwandani, Morogoro mjini, kwa miaka ishirini na miwili. Mkurugenzi alikuwa anasahau siku ya kuzaliwa ya mkewe. Mimi sikuwahi kusahau namba ya jalada lake. Uliponifungulia kompyuta nikaona folda zimejipanga kwenye kioo, nilihisi nimerudishwa kazini. Nilinunua daftari kubwa nikaziandikisha zote. Kulikuwa na etc, kulikuwa na usr, kulikuwa na bin ambayo haisemi ni bin nani. Kulikuwa na proc, yenye mafaili ya ukubwa sifuri ambayo ukiyafungua yamejaa maneno. Kiwandani tulikuwa na maofisa wa kinyume chake. Na ndani ya dev kulikuwa na kile kitu kiitwacho null, ambacho ulinieleza mwenyewe kwamba chochote ukitumbukiza humo hakitaonekana tena na wala hutajibiwa. Nilikifahamu mara moja. Sisi tulikuwa nacho ukutani karibu na geti, kimeandikwa SANDUKU LA MAONI.

Nilikuwa nimefika namba mia nne na kumi na tisa. Daftari liko wazi mezani mpaka leo.

2. Maneno "zipo, ila zimefichwa" nimewahi kuyasikia. Mwekezaji aliponunua kiwanda, kabla hata hajaziangalia mashine alitia kufuli masjala. Tulipouliza tukaambiwa majalada yapo, ila hatuna haja ya kuyaona. Wiki ya tatu nikanunua karanga sokoni. Zilikuwa zimefungwa kwenye barua ya Ignas, fundi wetu wa boila, ya kuomba likizo ya kumzika mama yake, na mwandiko wa kuikubalia ulikuwa wangu. Nililia pale pale, Luqmani. Karanga nilizila, kwa sababu nilikuwa na njaa, lakini nililia.

Sasa, kati ya folda ulizozificha kuna moja inaitwa lost+found, ambayo ulinitafsiria kuwa ni ya vilivyopotea na kuokotwa. Nilikuwa naifungua kila asubuhi. Najua utacheka. Najua pia kwamba majalada ya kiwandani hayawezi kupanda Milima ya Uluguru yakaingia kwenye kompyuta. Ilikuwa tupu siku zote, lakini nilikuwa naifungua.

3. Jambo lako linakwenda kinyume na sera. Tupo kwenye soko huria. Milango imefunguliwa, mitumba imefunguliwa, simu zimefunguliwa, televisheni zimefunguliwa mpaka tumeona mambo ambayo hatukuomba. Katika nchi nzima kitu pekee kilichotaifishwa mwaka huu ni folda za Kinole. Tena kwenye Linux, ambayo ulipoileta ulisimama mbele yetu saa nzima ukitueleza kuwa ni programu huru, haina siri, kila mtu anaruhusiwa kuangalia ndani! Bibi Asia, mwenyekiti wetu, alishangilia kwa vigelegele. Naomba unishauri vigelegele hivyo tuvirudishe kwa utaratibu upi.

4. Wanachama wana wasiwasi. Bibi Asia anasema folda umeondoka nazo kwenye ule mkoba wako mweusi, maana ulipokuja ulikuwa mwepesi na ulipoondoka ulikuwa umevimba. Nilimweleza kuwa ni mafenesi tuliyokupa. Akasema fenesi halina zipu. Mzee Kondo wa dukani yeye anasema mashine imebadilishwa, kwa kuwa hii ya sasa inaonekana kutojua mambo mengi.

Kosa hapa ni langu kidogo. Kila folda nilikuwa nimeipatia mlezi kutoka miongoni mwa wanachama, kama tulivyokuwa tunagawana miche ya mdalasini. Bibi Asia alipewa var. Mzee Kondo alipewa boot, na amekuwa akiiulizia hali kila Ijumaa akitoka msikitini. Andrea alipewa tmp, akanung'unika kwamba ni ya muda tu, nikamwongezea na sbin. Watu hawa walizipenda folda zao bila kuzifungua hata siku moja. Leo nawaambia nini?

Na Jumamosi hii, tarehe 19, ni mkutano mkuu. Ajenda ya tatu ni taarifa yangu iitwayo "Yaliyomo Ndani ya Kompyuta". Ajenda ya nne ni kuamua kama ufunguo wa chumba ubaki kwangu au apewe Shukuru, mtoto wa Andrea, ambaye ana cheti cha kompyuta. Nikisimama na picha moja ya fenesi, ufunguo umekwenda. Nilishanyang'anywa masjala moja, mpwa wangu. Ya pili siiwezi.

5. Hoja hii ndiyo kubwa. Katika lukolo letu, yaani ukoo wetu wa upande wa mama, mjomba ndiye anayeonyesha mipaka ya mashamba. Baba yako ni mtu mwema na tunamshukuru kwa mchango wake, lakini mpaka wa mgomba wa mwisho kule bondeni nilikuonyesha mimi. Je, ningekuonyesha kibaraza tu, nikakwambia shamba lipo ila limefichwa usije ukalivuruga?

Nikukumbushe pia kwamba mwezi ujao nakwenda kukuposea yule binti, Pendo. Mimi ni muumini wa uwazi. Kama hali ikiendelea hivi, nitawafungulia wakwe folda zako zote za mfumo, pamoja na ya mwaka ulipokwama juu ya mti wa jirani ukimkimbia bata, na ile ya kukojoa kitandani mpaka darasa la tano. Watumiaji wa kawaida wana haki ya kujua wanachokipokea.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo: folda zote zirudishwe kwenye kioo kabla ya Jumamosi, majina yake yachorwe kwa rangi ya mafuta mlangoni, kama vyumba vya ofisi ya wilaya, na huko ambako programu hii inatengenezwa wapelekewe taarifa kwamba Kinole hatufichwi kitu. Wakitaka kuficha waanze na null.

Wasalimie wote hapo Mzumbe, wenye kompyuta na wasio nazo. Msalimie na yule rafiki yako mrefu aliyetumalizia asali.

Wako katika ujenzi wa masjala,

Mikidadi Kondoa
Msimamizi Mkuu (aliyefichwa)

Nakala: Dada yangu Mwanaheri, mama yako, asomewe akiwa ameketi.
Nakala: Bibi Asia, Mwenyekiti.
Nakala: Jalada, likipatikana.

N.B. Leo ni Jumapili tarehe 20. Barua hii ilikosa gari la ndizi la Jumanne, kwa hiyo naongeza machache.

Folda nimezipata. Ijumaa, katika kubonyeza huku na huku, mashine iliniomba neno la siri la mkuu wa mfumo, ambalo hukunipa, nikalikisia mara ya kwanza tu, kwa kuwa kijana wa Kiluguru hawezi kuweka jina jingine zaidi ya la mama yake. Zilipotokea niliruka, na Filomena ni shahidi. Kisha nikaona haipendezi kuwaonyesha wanachama folda zimetawanyika vile, nikazikusanya zote nikaziingiza ndani ya folda moja mpya inayoitwa MAJALADA HAI, kwa utaratibu wa masjala, kuanzia bin hadi var. Kazi ilikuwa safi sana.

Jumamosi niliwasha mashine mbele ya watu sitini na wawili. Kioo kikawa cheusi, kina mstari mmoja wa maandishi meupe, hakisogei. Nilitaka kukimbia. Bibi Asia akasimama akasema hatimaye kompyuta imeacha kujipamba na imesema ukweli wake. Watu wakapiga makofi. Ufunguo nimepewa kwa miaka mitano kwa kura zote, pamoja na ya Shukuru, ambaye alikuwa ananitazama kwa huruma.

Jumatano anakuja mgeni kutoka wilayani kuiona. Njoo kabla yake, Luqmani, nakuomba kama mtoto. Rudisha kila kitu mahali pake, kama ulivyokuwa umekificha, ufiche zaidi, na ile posa nitaisema kama shairi. Mama yako usimsomee nakala. Na neno jipya la siri usiweke jina lake, wala la bibi yako, wala la mtu yeyote wa lukolo letu, maana wote nawajua kwa majina. Weka jina la mtu wa upande wa baba yako.