Stempu za Babu na Sabuni ya Mche

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Daftari, nisamehe. Tangu Pasaka sijakugusa. Tobia anaota meno, na mimi naota usingizi.

Leo nina habari! Fundi Desuza, yule mshonaji mzee wa Kigoa pale Lushoto, anakusanya stempu za kale. Amesema atakayemletea stempu halali ya enzi ya Mjerumani atampa cherehani yake ya mkono. Cherehani! Nishone nyumbani, nisirudi kuchuma chai kwenye ukungu huku mwanangu akikohoa mgongoni. Na stempu ninazo! Sita, zenye picha ya meli. Marehemu babu alikuwa boi wa Mjerumani mmoja, akaachiwa bahasha yenye stempu hizi.

Jumanne, 4 Agosti
Jirani yangu Zainabu amesikia. Anapekua makopo ya mama mkwe wake. Akaniuliza, kwa sauti ya asali, babu aliniachia nini. Nikamwambia aliniachia kikohozi.

Nimezigeuza stempu. Aibu! Nyuma zimechorwa. Penseli pembeni, na kila moja ina kimuhuri cha zambarau, kidogo kama punje ya ulezi, jina la mtu nisiyemjua. Kimoja kimenyooka chini, kingine kimepanda juu kimelala upande, kama kimepigwa na mlevi. Kwetu mtu mzima hapewi kitu kichafu. Hata yai tunalipangusa kwanza. Basi, maji ya moto, sabuni ya mche, nikasugua taratibu. Zimetakata!

Nimezianika juu ya nepi. Mbona ni tano? Namshuku Zainabu.

Jumatano, 5 Agosti
Kwa Fundi. Shikamoo, marahaba. Akazitazama kwa kioo. Akazigeuza. Akauliza nani amezifanya hivi. Nikajibu kwa fahari kuwa nimezisugua mwenyewe. Akavua miwani, akajipangusa uso.

Kumbe! Kile kimuhuri ni cha mjuzi aliyezikagua, kama kuweka dole gumba: hii naijua, ni ya kweli. Kikinyooka chini, stempu ni nzima. Kikipanda na kulala, ina jeraha lililozibwa. Penseli ni ya mwenye nayo, namba ya kwenye kitabu chake. Sasa hizi tano ni yatima, akasema. Huenda ni za kweli, lakini nani atazisemea?

Zainabu alikuwa mlangoni na stempu zake, zote za Mfalme Mwingereza! Bado akapata mdomo wa kusema kwamba Mama Tobia angempata Kaisari mwenyewe angemwogesha.

Nimelia njia nzima. Tobia akanishika pua.

Alhamisi, 6 Agosti
Namvua Tobia soksi, ndani yake, meli! Ya sita! Mwizi wangu mdogo aliichukua kabla ya sabuni. Kimuhuri kipo, kimenyooka, chini kabisa! Nikapiga kigelegele, Zainabu akaja mbio akauliza ng'ombe amezaa? (Namwomba Mungu anisamehe kwa kumshuku. Si leo, lakini.)

Nimekimbia kwa Fundi kumweleza, stempu nikaiacha isinyeshewe. Amefurahi kuliko mimi. Kesho hayupo. Niilete Jumamosi, kama ilivyo, akarudia, kama ilivyo, na cherehani nitaikuta imeshatiwa mafuta.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimejifunza, daftari. Alama haifutwi, inatunzwa! Ila hii imefifia, na macho ya Fundi ni ya uzee. Nitaikoleza kidogo. Na zile tano nitazirudishia vimuhuri vyao, vyote vimenyooka. Si uongo, vilikuwepo! Kiazi cha kupigia muhuri nimeshakichonga.

Dereva wa lori la mboga amebeba ujumbe kwa mume wangu Sefania, kibarua kule Mombo. Nahitaji yafuatayo yafike kesho asubuhi bila kukosa: wino wa zambarau, chupa moja. Gundi. Sindano nyembamba kabisa. Uzi wa bluu, wa kuanzia kazi. Na sabuni ya mche, kipande kikubwa, maana ile soksi ya Tobia haikuwa safi, na mtu mzima hapewi kitu kichafu.