Wazee Ambao Hawajazaliwa

Hotuba ya Ndugu Gregory Lubinza, Mwenyekiti wa Kamati ya Uwezeshaji wa Utambuzi wa Wazee Kidijitali, Kata ya Bulungalila, siku ya kuzindua kanzidata ya wazee katika uwanja wa mnada

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuniomba nimwakilishe, kwa hiyo namsalimu kupitia kwangu mimi mwenyewe. Mheshimiwa Makamu wangu. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo, pamoja na wajumbe wa kamati inayoisimamia kamati ndogo. Baba Paroko, ambaye kiti chake nakiona. Ndugu zetu wachimbaji mliopanda kutoka mashimoni na vumbi lenu. Wafugaji mliowaachia majirani ng'ombe. Na kwa namna ya pekee kabisa wazee wetu mliokaa juani kwa sababu turubai limetosha jukwaa tu: Mwadila!

(Umati: "Mwadila!")

Ndugu wananchi, tarehe ya leo, saba mwezi wa nane, itaandikwa katika historia ya kata hii, na ninasema hivyo nikitambua kwamba baadhi ya wageni waalikwa walifika hapa tarehe nane mwezi wa saba, kwa kuwa barua zao zilitolewa na mfumo wenyewe, na mfumo ulikuwa umetanguliza mwezi nyuma ukaweka siku mbele, au siku nyuma mwezi mbele, wataalamu bado wanalifanyia kazi. Wakakuta mbuzi uwanjani, wakakaa nao hadi mchana, wakarudi makwao. Nawapongeza kwa uzalendo. Hao ndio wadau. (Makofi kutoka jukwaani.)

Kwa faida ya wasiofahamu, na mpo wengi, nieleze tulikotoka. Zamani mzee wa miaka sitini na kuendelea akitaka kutibiwa bure alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji akamtazama, akaona kweli huyu ni mzee, akachukua kalamu, akaandika mistari mitatu, akagonga muhuri, basi. Dakika tano! Ndugu zangu, nchi gani imewahi kuendelea kwa dakika tano? Ndipo kamati yangu, chini ya uongozi wangu, kwa maono yangu, ikapiga marufuku barua za kalamu kuanzia mwezi wa tano, na kuanzisha Kanzidata Jumuishi Shirikishi ya Wazee, ambayo ni kompyuta ile pale mezani, iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi ili isiingie vumbi.

(Vigelegele. Mama mmoja anauliza kama imewashwa. Anaambiwa akae.)

Mpaka hapa tunapozungumza, wazee 4,316 kutoka vijiji ishirini na sita wamesajiliwa kwa asilimia mia moja na nne. Hizo nne za ziada ni bidii yetu.

Sasa, pasipo wivu hapana maendeleo. Yapo maneno ya mitaani kwamba mfumo una makosa. Nakiri hadharani: makosa yapo, na ni makosa ya kiwango cha juu, yenye namba! Mtendaji akikosea kwa kalamu, kosa lake lina namba? Halina. Linakaa tu. Lakini kompyuta yetu juzi ilituletea kosa namba elfu tatu mia nne sitini na nne. Maana yake ni kwamba yale makosa elfu tatu mia nne sitini na matatu ya mwanzo tumeshayavuka salama! (Makofi marefu jukwaani.) Lipo na kosa namba kumi na tatu, ambalo linatokea kila tukiiagiza kompyuta ipige hesabu ya umri wa mzee, na hapa naomba niwe mkweli, lawama ni zenu wazee. Karani wetu Donatus alipowauliza mmezaliwa lini, mkamjibu "mwaka wa nzige", "msimu ule wa njaa, wakati wa kupalilia", naye kwa uaminifu wake akaandika hivyohivyo katika sehemu ya tarehe. Kompyuta haijui nzige. Ikaulizwa toka nzige mpaka leo ni miaka mingapi, ikapaka mstari wa njano, ikasimama.

(Kicheko. Mzee mmoja: "Nzige walikuja mara mbili, wewe! Ungeuliza wepi!")

Mzee Ignas, asante, mchango wako umepokelewa.

Mtaalamu wetu wa kompyuta, Bi Noela, yule aliyesimama pale amekunja mikono, aliniandikia kwamba dawa ni ndogo: sehemu ya tarehe iwe ya tarehe, isipokee maneno, mwaka uandikwe kwa tarakimu zote nne, na utangulie mwaka, ufuate mwezi, ndipo siku. Akasema ni kazi ya alasiri moja. Nilimjibu kwa ukurasa na nusu. Siku ndiyo huzaa mwezi, na mwezi ndio huzaa mwaka. Tangu lini mtoto akakaa mbele ya wazazi wake akasubiri kuamkiwa shikamoo? Na jambo la alasiri moja halina hadhi ya kuundiwa kamati. Nikaunda kamati, ikaenda Mwanza kujifunza, ikarudi na pendekezo kwamba iende tena.

(Bi Noela: "Mwenyekiti, ni saa tisa na nusu. Gari la macho linaondoka saa kumi.")

Nalifahamu hilo. Ndugu wananchi, madaktari wa macho wapo zahanati yetu hapo barabarani kwa siku ya tatu na ya mwisho, na gari lao linachukua wazee wenye mtoto wa jicho kwenda kufanyiwa upasuaji, hawarudi tena hadi mwakani. Wanachodai ni uthibitisho tu wa uzee. Ndiyo maana tumechagua siku hii hii, ili mzee wa kwanza apokee kadi ya kwanza mbele yenu na kupanda gari mkiona. Bibi Scolastika, njoo. Msaidieni ngazi. Jenifa, mshike bibi yako mkono.

(Bibi Scolastika anapandishwa jukwaani. Anaiamkia nguzo ya turubai. Jenifa anamgeuza.)

Marahaba... hapana, samahani mama, shikamoo. Bibi huyu ana cheti cha ubatizo cha misheni, amezaliwa tarehe nne mwezi wa tisa mwaka 1946. Donatus, ili kuokoa muda, aliandika arobaini na sita peke yake, na kompyuta kwa busara yake ikaona ni 2046. Maana yake, kitaalamu, bibi bado hajazaliwa. (Kicheko.) Atazaliwa tarehe tisa mwezi wa nne, na atafikisha miaka sitini mwaka 2106, ndipo mfumo utamruhusu. Sasa nauliza wapinzani wangu: ni uongozi gani mwingine umewarudishia wananchi ujana kiasi hiki? Wote waliozaliwa kabla ya hamsini, yaani wazee kuliko wazee wote, kwa mujibu wa mfumo hawana hata siku moja!

(Jukwaani mtu mmoja anapiga makofi, anaacha.)

Lakini kamati haina moyo wa jiwe. Kwa mamlaka niliyonayo, natoa kadi kwa utaratibu maalumu. Mama, pokea. Mpiga picha! Tabasamu, mama. Huku.

(Bibi Scolastika anaipapasa kadi pande zote mbili. "Mwanangu, hapa pameandikwa nini? Mimi sioni.")

Pameandikwa jina lako, mama, umri wako, na haki yako.

(Jenifa: "Yaya, siyo! Bibi, hapana kitu. Ni nyeupe yote." Minong'ono.)

Ni nyeupe kwa sasa, binti. Huo ni mfano wa kadi. Mtu akizindua barabara, hamumuulizi magari yako wapi.

(Bibi Scolastika: "Basi baba, niandikie tu kwa kalamu. Mistari mitatu. Nimemwachia jirani kuku wangu, nimejiandaa, nguo ninazo humu. Natamani kumwona huyu mtoto sura yake, nimemlea kwa kumshika tu." Bi Noela anatoa kalamu na karatasi, anaviweka mbele ya Mwenyekiti.)

Mama, umenigusa. Kweli umenigusa. Lakini mwenye kupiga marufuku kalamu hawezi kuonekana na kalamu siku ya uzinduzi, na picha zinapigwa. Bi Noela, ondoa hicho kitu.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Bi Noela kwa kutuazima kompyuta hii kutoka sebuleni kwake, na anaihitaji jioni hii. Nawashukuru wazee wa vijiji ishirini na vitatu ambavyo karani wetu hakupata usafiri wa kuvifikia. Nawashukuru wazee 4,316 kwa kukubali kukadiriwa. Namshukuru Donatus, aliyeingiza majina yote kumi na moja, likiwemo langu la majaribio, kabla kompyuta haijapaka njano mwezi wa tano na kugoma kupokea jina jingine hadi leo. Kanzidata hoyee!

(Jukwaa: "Hoyee!" Umati umegeuka kutazama barabarani.)

Takwimu sahihi! Uzee salama! Naona mnatazama vumbi lile. Ndiyo, ni gari la madaktari, linaondoka kwa wakati, mfano wa kuigwa, na naona viti vingi ni vitupu, kwa hiyo watasafiri kwa raha. Tusiwe watovu wa adabu, ndugu zangu, tuwapungie mkono wageni wetu. Wote. Na wewe mama, punga. Siyo huko. Jenifa, mgeuze bibi yako. Barabara iko upande huu, mama. Upande huu.