Gauni la Picha Isiyo na Rangi

Jumatatu, 4 Novemba 1968

Picha ya Kihindi iliyoanza jana ni nzuri sana. Nasema hivyo ingawa sijaiona. Wanawake wa mtaa mzima walikwenda jana alasiri, kwenye onesho lao wenyewe, wakarudi macho mekundu. Picha ikiwarudisha wanawake macho mekundu haihitaji shahidi mwingine. Ya wiki iliyopita, ya kaboi, niliiona mwenyewe na ilikuwa mbovu. Watu wanapigana na kuanguka kutoka kwenye farasi tangu mwanzo hadi mwisho, na kofia hazitoki vichwani. Nilikaa muda wote najiuliza zimeshonwaje kwa ndani zile kofia.

Asubuhi akashuka Bi Kazija. Nyumba ni yake, na baraza ninaloweka cherehani yangu ni lake pia. Binti yake Shemsa anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo, kabla Ramadhani haijaingia. Akasema gauni la Shemsa liwe kama lile la msichana wa picha ya jana, pale anapocheza bustanini. Shingo ya mraba, mikono imefura mabegani, marinda mpaka chini. Nikasema hewala. Akasema Mjaka, fundi wa baraza la nyumba ya mbele, naye ameshaambiwa, na atakayelijua gauni lile sawasawa ndiye atakayelishona. Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba ikiwa fundi wa barazani kwake hawezi kumshonea mwanawe, basi yeye hajui fundi huyo anakaa barazani kwake kufanya nini.

Nimekaa hapa tangu nilipomaliza kujifunza ufundi. Wateja wangu wote wananijua kwa baraza hili, jina langu Makungu hawalijui hata nusu yao. Nimeingiwa na hofu ya kweli.

Nikauliza gauni ni la rangi gani. Bi Kazija akafungua mdomo, akaufunga. Akasema ataulizia.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeiona picha. Nilikwenda kutazama gauni, na kitabu cha vipimo nikakitia mfukoni.

Nimetazama kila kitu isipokuwa gauni! Kosa si langu. Yuko kijana mmoja mlinzi wa treni, ndiye stelingi, na ameshitakiwa kwa wizi asioufanya. Jaji ni baba yake mzazi, ila hajui. Kijana ana kovu shingoni, na jaji analikumbuka kovu la mwanawe aliyepotea, lakini kila akitaka kumtazama anaangusha kalamu. Sinema nzima ilimwambia jaji atazame kovu. Mzee mmoja nyuma yangu alisimama akamwelekeza kwa bakora. Hapo katikati wakaingiza ile ngoma ya bustanini, na mimi na jirani yangu tukawa bado tunabishana kama baba anaweza kuisahau sauti ya mwanawe. Tulipomaliza, msichana kashavaa nguo nyingine.

Jambo moja nililiona. Picha ni nyeusi na nyeupe. Gauni ni la kijivu, na bustani ya kijivu, na hata papai aliloshika lilikuwa la kijivu.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimeuliza kila aliyepita. Jambo la ajabu. Bi Mwamvua muuza mandazi anaapa kwamba gauni ni waridi. Dada yake anasema buluu, na wamenuniana. Mke wangu Mize anasema hakuona rangi, aliona kijana wa watu anafungwa bure. Ubao uliotundikwa nje ya sinema umechorwa gauni la kijani. Nikamtafuta mchoraji. Akasema kijani ndiyo rangi iliyobaki kwenye kopo.

Sasa najiuliza: huko Bombei, siku walipoipiga picha hii, msichana yule alivaa rangi gani? Ipo rangi. Hakucheza na kijivu. Mtu mmoja duniani anaijua na wala hajui kama sisi huku tunagombana.

Kulala nikawa nafikiri hayo hayo, mara likanijia wazo. Juu ya kichwa changu pale barazani, kwenye ubao, lina miaka jora la manjano. Manjano iliyokolea, kitambaa kizuri, na siku hizi vitambaa havipatikani hovyo. Lakini kila mteja analikataa. Wanasema rangi ya mgonjwa wa ini.

Ikiwa hakuna aijuaye rangi ya gauni, kwa nini isiwe manjano?

Ijumaa, 8 Novemba

Kampeni imeanza. Baada ya sala nimewaambia watu watatu, mmoja mmoja, kwamba nimepata habari kutoka kwa baharia kuwa gauni lile ni manjano. Nilichagua watu wasioweza kuficha siri. Kufika alasiri habari ilinirudia mwenyewe, ila imeshakuwa ya machungwa.

Mjaka amekaa kwenye baraza lake anashona suruali na anatabasamu. Simpendi mtu anayetabasamu huku ana sindano mdomoni.

Jumapili, 10 Novemba

Leo onesho la wanawake tena. Nikampa Mize kazi. Akae katikati, na gauni likitokea tu aseme kwa sauti: tazameni manjano ile ilivyong'ara. Mize akasema yeye hawezi kusema uongo gizani. Nikamwambia si uongo, ni kukisia kwa nguvu. Akaniuliza kwa nini nisiende kwa Bi Kazija nikamwambia tu kwamba nina kitambaa cha manjano. Nikacheka. Mke wangu mwema, lakini biashara haijui.

Amerudi magharibi amevimba macho. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema alisahau mpaka gauni likapita, kwa hiyo akaona aseme baadaye, na akasema. Kumbe ni pale mama yake kijana anakata roho. Wanawake wakamgeukia safu nzima. Bi Kazija mwenyewe alimwambia, "We Mize, mtu anakufa hapa, unamtazama ngozi?"

Kwa maoni yangu picha ina kasoro. Mama hakupaswa kufa wakati ule.

Jumatatu, 11 Novemba

Msiba. Mjaka amepanda kwa Bi Kazija asubuhi na kumwambia kwamba wimbo wa bustanini wenyewe unaitaja rangi. Msichana anaimba, ati, kwamba gauni lake ni jekundu kama moyo wake. Mjaka alijifunza ushoni kwa Mhindi na anajulikana kuwa Kihindi anakijua. Kwa hiyo ni nyekundu, na mtaa wote umekubali, hata dada yake Bi Mwamvua. Na nani mwenye kitambaa chekundu? Mjaka.

Nilikaa kama niliyemwagiwa maji. Halafu nikapata akili. Bi Kazija hajasema Mjaka ashone, amesema atakayelijua gauni. Mimi nina vipimo vya Shemsa tangu Idi iliyopita, nikiwa na kitambaa chekundu nitashona usiku na mchana na kumtangulia. Manjano inapokea nyekundu vizuri, kila mtu anajua.

Rangi ya kutilia nguo sina. Mjaka anayo, pakiti imebaki tangu alipotia rangi mapazia. Nikamwendea kama mtu asiye na haja. Nikamwambia nataka kutia rangi shuka. Akaniuliza nitampa nini. Nikamwambia nusu ya jora langu la manjano, akashonee foronya. Akalitazama jora, akanitazama mimi, akaniona mjinga. Nami nikamwona mjinga. Tukapeana mikono.

Nusu ya jora lisilotakikana kwa pakiti nzima ya rangi! Alasiri nimeichemsha karai nzima ugani. Mize akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Jumanne, 12 Novemba

Kitambaa kimekauka. Kuna mahali ni chekundu, mahali cha machungwa, na mahali hakikubadilika kabisa. Nimekikunja ili mabaka mabaya yakae ndani ya marinda. Mwanamke akisimama bila kutikisika hayataonekana.

Nikaona kheri niwe na ushahidi wangu wa nyekundu, nisimtegemee Mjaka. Nikaenda kwa Bwana Jivan, fundi saa. Picha aliiona siku ya kwanza. Nikamwomba anifasirie wimbo wa bustanini. Akavua ile miwani yake ya jicho moja, akauimba wote, vizuri pia, halafu akasema unahusu kasuku. Msichana anamtuma kasuku apeleke salamu kwa mpenzi wake, na kasuku anakataa kwa sababu ya jua kali. Nikamuuliza gauni limetajwa wapi. Akasema hakuna gauni. Rangi yoyote? Hakuna rangi. Nikamuuliza na yeye kwa nini jaji hakulitazama kovu mapema. Tukazungumza hilo mpaka adhuhuri. Jivan anasema jaji alijua tangu mwanzo, aliogopa kujua. Sikuwa nimefikiri hivyo. Nitaitazama tena.

Njiani nikafurahi: Mjaka mwongo! Nimemshika! Kufika kona ya msikiti furaha ikaisha. Nikimwumbua Mjaka nyekundu inakufa, na mimi sasa ni mtu wa nyekundu.

Nikapanda kwa Bi Kazija. Nikamwambia kwa heshima kwamba nimefanya utafiti, wimbo ni wa kasuku, na kasuku mdomo wake mwekundu, kwa hiyo gauni ni jekundu, hivyo Mjaka alikuwa karibu na ukweli lakini bila elimu. Bi Kazija alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 13 Novemba



Asubuhi Mize aliitwa ndani kwa Bi Kazija pamoja na wanawake wengine, kumsugua Shemsa singo ya harusi. Akarudi mchana na harufu ya liwa na karafuu, akakaa kitandani kama mtu aliyebeba mzigo. Akasema walipokuwa wakimsugua, wanawake walibishana tena, nyekundu, waridi, nyekundu. Mwisho Mize akamuuliza Shemsa, "Wewe mwenyewe, bibi, wapenda rangi gani?" Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Shemsa akasema picha ile haina rangi, yeye alipenda mikono tu. Rangi anayoitaka ni manjano ya Bwana Makungu. Tangu yu mdogo, akisimama dirishani asubuhi jua likalipiga lile jora pale juu ya ubao, humwona fundi kama amewasha taa. Alikuwa akingoja nimwambie mama yake kwamba ninalo. Alidhani nimelifunga nimwekee mtu mwingine.

Nilisikia aibu, na chini ya aibu nikasikia furaha kidogo, kwamba yupo mtu aliyekuwa akilitazama jora langu miaka yote ile. Kisha nikakumbuka karai.

Nikatoka mbio kwenda kwa Mjaka. Nusu ya pili ya jora ilikuwa mezani pake, hajaikata. Nikamwambia nimebadili nia, foronya zake nitazitafutia kitambaa kingine, nampa na mkasi wangu mkubwa juu yake. Mjaka akaniuliza shuka imekuwaje. Nikasema salama. Akaniuliza mbona nahema. Nikasema joto. Alikuwa ameshaanza kuunyoosha mkono kunipa kitambaa, wallahi, kilikuwa kati yake na mimi, ndipo dirisha la juu likafunguka na Bi Kazija akaita kuuliza kama yuko mtu mwenye ile manjano, maana barazani haioni tena.

Mjaka akakitazama kitambaa. Akalitazama dirisha. "Naam, Bi Kazija," akasema.

Ijumaa, 15 Novemba

Harusi ilikuwa jana. Mize anasema Shemsa alipotolewa ukumbini wanawake walipiga vigelegele mpaka wakakauka koo. Marinda yalikaa. Mikono ilifura sawasawa. Mimi niliuona upindo tu alipopandishwa garini, na upindo ulikuwa mzuri, siwezi kusema vingine. Kitambaa changu, kazi yake. Nilirudi ndani nikakaa peke yangu. Iliniuma sana.

Leo Bi Kazija ameniita. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Akanipa sahani ya biriani iliyobaki na kuniambia Mjaka atahamia barazani kwake, kwa sababu kule mbele jua linampiga. Akasema mimi ni mtu mwema mwenye mawazo mengi, na mtu wa mawazo mengi hakosi mahali. Nikashukuru, nikabeba cherehani kichwani.

Jumapili, 17 Novemba

Nipo Kiembe Samaki, nje ya mji, ukumbini kwa kaka yake Mize. Mahali pazuri. Wateja bado, ila mbuzi wanapita wengi.

Jana nilikwenda mjini kuona picha mpya, ya Kimisri. Nzuri kiasi. Daktari anavua miwani kila anapotaka kusema ukweli, na mimi nikawa nangojea avae tena nione atadanganya nini. Mke wake anavaa gauni lenye vifungo mgongoni toka juu mpaka chini, sijui anavifunga na nani, maana wamegombana tangu mwanzo wa picha. Nitarudi kuchunguza.

Nimefikiri sana juu ya yaliyopita na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwa Jivan. Angeniambia mapema habari ya kasuku, leo ningekuwa barazani kwangu.

Asubuhi Mize ameniambia anataka gauni la Idi, ni miaka sijamshonea kitu. Kweli kabisa. Nikachukua utepe wa vipimo palepale. Nikamwambia litakuwa kama la mke wa daktari, vifungo mgongoni, rangi ya chai ya maziwa. Akaniuliza nimeijuaje rangi, na picha za Misri nazo ni nyeusi na nyeupe. Nikamwambia mimi fundi, najua. Akasema yeye, kama ingekuwa ni yeye wa kuchagua, angependa...

Nikamwambia anyamaze kidogo, nafikiri atapenda nini.