Uzinduzi wa Mtaa wa Karibu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo naye ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Viunga, mliotuma salamu. Waheshimiwa wahandisi, mliotuma salamu za pole. Wapangaji wa majengo haya ya zamani yatakayobomolewa kesho asubuhi kupisha barabara. Mabibi na mabwana, wazee wetu, kina mama mliokaa juu ya magodoro yenu hapo mbele, na ninyi wenye mikokoteni mlioziba njia ya gari langu: nawasalimu nyote kwa vyeo vyenu, na asiye na cheo namsalimu kwa cheo changu, ambacho ni kikubwa na kinatutosha wote. Niliyemsahau ajue nimemsahau kwa kufuata itifaki. (Makofi ya watu watatu. Mmoja alikuwa anaua mbu.)

Kwa wasionifahamu, na sidhani kama wapo, mimi ndiye Mkurugenzi wa Viunga, Upanuzi na Mambo Mengine Yanayofanana na Hayo. Mimi si mtu wa kujisifu. Wanaonisifu wapo, na leo wamechelewa. Mji wetu mkubwa ulipoanza kukua, nilikuwepo. Ulipokataa kuacha kukua, nilikuwepo pia, nikaunda kamati. Leo hii mji umefurika kama sufuria ya maziwa iliyoachwa jikoni na mtu anayeongea na simu, viunga vimezaa viunga, vijukuu vya viunga vinatambaa mpaka kwenye mashamba ya watu, na swali linalomkosesha mwananchi usingizi si tena atakula nini, bali atalala wapi huo usingizi wenyewe anaoukosa.

Ofisi yangu haikukaa kimya. Tulifanya utafiti shirikishi, jumuishi na endelevu, tukagundua kwamba asilimia mia moja na nne ya wakazi wa mji huu wanapenda kukaa mahali. (Sauti kutoka nyuma: "Hao wanne wa ziada ni kina nani?") Hao wanne, ndugu yangu, ni wageni tunaowatarajia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Takwimu nazo lazima ziwe na ukarimu.

Sasa, mpangaji mwenye akili anapochagua pa kuishi, anapima. Tupime pamoja. Kuna kiunga cha Mwisho wa Lami. Sisemi ni kibaya. Nyumba zipo, madirisha yapo, vyoo vipo na vingine vina milango. Lakini jina linajieleza: ukitoka huko alfajiri, unafika mjini umeshachoshwa na kazi ambayo hujaianza, na Jumapili mtoto akikuona umekaa sebuleni anamuuliza mama yake huyu mgeni ataondoka lini. Halafu kuna Bondeni. Bondeni hakuna shida ya maji. Maji yanakufuata mpaka chumbani, na wakati wa mvua yanapanda kitandani kabla yako. Ofisi yangu inalitazama jambo hilo kama fursa ya utalii. Kuna pia kinachoitwa Mbele Kidogo, ambacho kila unayemuuliza kiliko anakwambia "mbele kidogo," na watu waliokwenda kukitafuta wamechoka, wameanzisha viunga vingine viwili njiani. (Kicheko.)

Ndipo mimi, nikiwa katika kiti changu, nikasimama. Nikasema hapana. Nikasema wananchi wangu wanastahili kiunga chenye hadhi. Nikaweka bango pale njia panda, na nyote mmeliona, maana hakionekani kingine: bango la buluu, refu kuliko ghorofa, lenye neno moja tu, KARIBU, na chini yake picha yangu nikionyesha kidole upande wa mbele. (Fundi cherehani wa chumba cha kona, aliyekaa juu ya sanduku la cherehani yake huku mama mkwe wake ameegemea mkokoteni, ananyoosha mkono.) Naona mkono. Ni wa fundi wetu, aliyewahi kunipunguzia suruali hii. Au tuseme ukweli, aliiongeza. Sema, mama.

(Fundi: "Mheshimiwa, mimi nilishapata chumba Mwisho wa Lami. Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Nikaona bango lako, Karibu. Nikajiambia, wateja wangu wako hapa sokoni, mama yangu huyu miguu inamsumbua na hospitali yake iko hapa. Kama huko ni karibu, basi twende huko. Nikarudisha ufunguo. Chumba kimeshapata mtu. Sasa nauliza, ni karibu na wapi?")

Swali zuri sana, na nalipongeza kabla sijalikataa. Mama, ulisoma vizuri, ila ulisoma kwa haraka. Bango halikusema "karibu na." Lilisema "karibu," likanyamaza. Karibu ya umbali haitembei bila "na" nyuma yake. Ukiona karibu iko peke yake, ujue hiyo ni karibu ya ukarimu. Mimi nilikuwa nawakaribisha. Mtu akikukaribisha kwake, unatoa futi kamba unapima? Huo si uungwana. Umbali wenyewe upo, siwezi kuwaficha, na ni mkubwa, lakini ni umbali wa kimkakati. (Mama mkwe, kwa sauti ya chini inayosikika uwanja mzima: "Anatukaribisha wapi huyu?")

Nakuja huko, mama. Mtaa wa Karibu, nitautaja kwa jina lake rasmi, ni kiunga cha kisasa, cha kidijitali, kilichobuniwa kwa kuzingatia fizibiliti na masta plani, chenye bustani, shule, zahanati, na eneo la kuegesha magari ambayo mtayanunua mkishafanikiwa. Ninajua mtauliza maji. Maji yako kwenye paipulaini. (Makofi, ya kwanza ya kweli tangu asubuhi. Fundi bomba mmoja: "Paipu ya inchi ngapi, mkuu?") Hapana, fundi, keti. Siyo paipu hiyo. Hii ni paipulaini ya mipango. Maji kwanza yanapita kwenye fikra, kutoka kwenye fikra yanaingia kwenye stratejia, yanachujwa na kamati, na yatakayosalia ndiyo yanafika jikoni. (Makofi yanarudishwa mifukoni.)

Kuhusu nyumba, nina furaha kuwatangazia kwamba zimekamilika hivi karibuni. (Minong'ono.) Yaani, zitakamilika hivi karibuni. Lugha yetu inawaonea huruma viongozi: hivi karibuni ni juzi, na hivi karibuni ni keshokutwa, na mtu mwenye adabu hasimami katikati kuuliza ni upande gani. Nyumba hizo ni karibu mia nne. (Mama mkwe: "Karibu hiyo nayo ni ipi, baba?") Hiyo ni karibu ya makadirio, mama. Maana yake ni mia nne, ukiondoa ambazo bado. (Mama mkwe: "Na ambazo bado ni ngapi?") Karibu mia nne. (Kicheko kikubwa. Fundi cherehani hacheki. Amemshika mama mkwe wake mkono.)

Wapo watakaosema: mheshimiwa, mbona wewe huhamii huko? Nashukuru kwa swali hilo, ambalo hakuna aliyeliuliza. Mimi nilitamani sana. Lakini uongozi ni kujitoa, nami nimejitoa kubaki hapa katikati ya mji, nyuma tu ya soko hili, geti la kijani, ili niendelee kuyachunguza kwa karibu mateso ya watu wa katikati ya mji. (Fundi: "Hiyo ni ya umbali?") Hiyo ni ya umbali, ndiyo. Ni mwendo mfupi. Upepo ukivuma nasikia harufu ya vitunguu vyenu. Nina vyumba saba, vitano havina mtu, na niwaambie ukweli, ninyi mnaolala watu sita chumba kimoja hamuujui upweke wa korido ndefu. Jioni nakohoa, na hakuna wa kuniambia pole. Mke wangu yuko upande ule mwingine wa nyumba, hasikii. Ndiyo maana nasema siku zote, na leo narudia mbele ya spika hizi, kwamba mlango wangu uko wazi kwa mwananchi yeyote, saa yoyote. Dereva wangu, ambaye ni mpangaji mwenzenu hapa chumba cha chini, ni shahidi. (Dereva anatazama viatu vyake.)

Na sasa tumefika kwenye kilele. Hili pazia jekundu mnaloliona nyuma yangu limeshonwa na huyuhuyu mama yetu fundi, mshono mzuri, ulionyooka, natamani mipango yetu ingenyooka hivyo. Nyuma yake kuna Mtaa wa Karibu kama utakavyoonekana. Naomba tuhesabu. Moja, mbili, tatu. (Pazia linafunguka. Ni picha kubwa ya rangi: nyumba nyeupe yenye geti la kijani na waridi ukutani, kando yake nyumba nyeupe yenye geti la kijani na waridi ukutani, na nyingine, na nyingine, mpaka picha inapokwisha. Kwenye kila kibaraza amelala mbwa yuleyule, sikio moja limekunjwa. Dereva, polepole: "Bosi, hapo si kwako?")

Dereva, kuna wakati wa kuendesha na wakati wa kuongea. Ndugu wananchi, tusimame wote kwa ajili ya kaulimbiu. Nikisema "Karibu," mnasema "Nyumbani." Karibu! (Kimya.) Nikisema "Viunga," mnasema "Vipaa." Viunga! (Mtoto mmoja analia.) Nashukuru, moyo wenu nimeusikia.

Haiwezekani nikaketi bila kutoa shukrani. Namshukuru mchoraji wetu, kijana mwenye kipaji, aliyekwenda kule kwenye eneo la mradi akarudi ananilalamikia kwamba hakuna cha kuchora ila nyasi na mbuzi. Namshukuru mke wangu, aliyemwekea kiti mbele ya geti letu ili achore kilichopo, na akirudie kwa kadiri rangi itakavyomruhusu. Nawashukuru wenye zile nyasi, ambao wamekataa katakata kuziachia na hawajui kwamba leo tunazindua. Nawashukuru mbuzi, ambao hawakushirikishwa. Nawashukuru wahandisi kwa kutokwenda, maana wangekwenda wangerudi na maswali. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi mlioamini, kwa sababu bila imani yenu Mtaa wa Karibu usingekuwa na kitu chochote kabisa. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayepiga makofi. Fundi cherehani anainuka kwenye sanduku lake, anapita katikati ya magodoro mpaka chini ya jukwaa. Hapazi sauti. "Mheshimiwa, mimi naogopa. Katapila linakuja kesho, na mama huyu sina pa kumlaza. Ufunguo niliurudisha kwa sababu ya neno lako.")

Nakuelewa, mama, na nimeguswa. Kesho hiyohiyo nitaunda kamati ndogo. (Fundi: "Sitaki kamati." Anakunja kidole, anagonga ubao wa jukwaa, taratibu, kama mtu aliyefika kwa watu na kukuta mlango umerudishwa. "Hodi.")

Karibu.

(Spika zinalichukua neno hilo, zinalipeleka mpaka sokoni na kulirudisha. Mkurugenzi anajiziba mdomo, lakini limeshatoka. Mtu aliyelelewa na mama yake akisikia hodi hujibu. Mdomo haungoji cheo kiulizwe. Uwanja mzima umesikia. Fundi anarudi kwenye sanduku lake. "Mmesikia wote," anasema. "Mama, inuka. Tumekaribishwa.")

Ndugu wananchi, tulieni. Naomba kutoa ufafanuzi. Karibu hiyo ilinitoka. Karibu hiyo ilikuwa ya makadirio. (Fundi: "Ilikuwa peke yake, mheshimiwa. Haikuwa na 'na' nyuma yake." Mikokoteni inaanza kugeuzwa, mmoja baada ya mwingine, kuelekea nyuma ya soko. Magodoro yanapandishwa vichwani.) Basi tuseme ilikuwa ya umbali! (Mama mkwe: "Hata ikiwa ya umbali, baba, umesema ni mwendo mfupi. Miguu yangu itafika.") Wananchi, kikao hakijafungwa, mtu asiondoke, bado kuna vinywaji, yaani viko kwenye paipulaini. Ile nyumba ni ya serikali. Vile vyumba vitano vina, vina mambo. Na mbwa ni mkali. (Sauti kutoka kwenye mikokoteni: "Kwenye picha amelala.")

(Mama mkwe anapita mbele ya jukwaa, ameshika bega la fundi. Anasimama kidogo, anamtazama Mkurugenzi kwa huruma ya kweli. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema. "Ukikohoa leo tutakwambia pole.")

Dereva! Lete gari, nitangulie nikafunge geti. Dereva. Huyu dereva amekwenda wapi?

(Dereva yuko mbele ya wote. Anasukuma mkokoteni wenye cherehani, na kila wanapofika kwenye kona anawaonyesha njia.)