Kwarara wa Mayala

Jumatatu, 9 Januari 1995. Nyashimo.

Nimemwona tena! Asubuhi, mlango wa mto, pale maji yanapoingia ziwani na kuacha tope jeusi. Peke yake. Miguu mirefu, rangi ya nyasi kavu, mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini kama mundu. Watu wa pwani humwita sululu. Nilimjua Tanga nilipokuwa mwalimu kijana. Huja kule kwa makundi kukimbia barafu ya Siberia. Huku kwetu ziwani ni nadra mno kufika. Amefika!

Nikarudi nyumbani natetemeka. Dada yangu Milembe, anayenipikia tangu mke wangu afariki, akadhani ni homa. Nikamweleza. Akaniuliza kama nimeshakunywa uji. Mgeni katoka Siberia, na dada yangu anauliza uji!

Mayala alikuwapo. Huyu ni jirani yangu wa ng'ambo ya mto, na mshindani wangu tangu ujana: mimi nilicheza katika chama cha ngoma cha Wagika, yeye kwa mahasimu wetu Wagalu. Kila siku huvuka daraja kuja kunywa chai yangu na kunitukana. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nimeona kwarara, kwani kwarara naye ana mdomo wa kupinda. "Mwalimu, shule zote zile, leo unashindwa na kwarara!"

Nilishtuka hadi nikamwaga chai. Kwarara ni mnene na hulia kama bawaba ya mlango mbovu. Mtoto wa darasa la pili asingekosea.

Jumanne, 10 Januari.

Mshtuko mkubwa. Mwanangu Constantine amefika na Canter. Zamani alikuwa karani wa ushirika; tangu biashara iwe huria ananunua pamba mwenyewe na kusema kwa sauti ya mkuu wa wilaya. Amesikia kwamba baba yake anaona ndege wasiokuwapo. Sikuuliza nani kamwambia. Milembe aliinamia sufuria.

Akasema chumba changu huko Bariadi kiko tayari, nyuma ya duka lake, jirani na stoo ya sabuni. Nikamwambia mama yake amelala hapa, nyuma ya nyumba hii, na mimi nitalala ubavuni pake nikitazama maji. Akasema mtu anayetembea peke yake kwenye tope kufuata ndege wa ndoto hatalala ubavuni pa mtu, atazama.

Tukavutana. Mwisho akatoa ahadi mbele ya Milembe na Mayala. Apatikane mtu mmoja tu mwenye akili timamu aliyemwona ndege huyo, yeye ataondoka na Canter tupu. Asipopatikana, Jumapili ninapakiwa.

Mtu mmoja mwenye akili timamu! Katika Nyashimo hii!

Jumatano, 11 Januari.

Nimepata darubini. Ilikuwa mnadani, juu ya rundo la suruali za mitumba. Ajabu ya soko huria! Juzi tu sabuni ilihitaji kibali, leo darubini ya Wajerumani inasubiri mteja kati ya suruali. Nimeipata kwa kutoa koti langu la harusi. Sitarajii harusi.

Nyumbani nikagundua jambo la kushtua. Jicho la darubini linalofanya kazi ni la kulia. Jicho langu linalofanya kazi ni la kushoto. Nimehangaika asubuhi nzima, kisha akili ikanijia: igeuze juu chini! Sasa naona vizuri. Milembe anasema nafanana na mtu anayekunywa chupa mbili kwa pamoja.

Nikamwita Mayala aje atazame. Akatazama kwa lile jicho bovu, akasema anaona usiku.

Alhamisi, 12 Januari.

Nimepata hila nzuri kuliko zote. Mtu anayekufa hasemi uongo! Hata mahakama hupokea neno lake la mwisho. Basi nife kidogo, nimwambie padri habari za ndege, padri atoke nje awatangazie. Nani atambishia padri?

Si uongo kabisa. Moyo wangu husimama na kuondoka kama basi la zamani, na daktari ameshaacha kunitazama usoni. Ninakufa kweli. Ila si Alhamisi hii.

Saa nne nikalala chali na kupumua kwa shida. Milembe akapiga yowe lililonitisha mimi mwenyewe. Padri Januarius akafika na pikipiki na mafuta matakatifu. Wengine wakatolewa nje. Nikaungama. Kwanza dhambi za kawaida: hasira, kiburi, mitihani niliyoisahihisha bila kuisoma. Kisha, kwa sauti ya kaburini, nikasema nimemwona sululu mlango wa mto.

Padri akauliza kama hiyo ni dhambi. Nikasema hapana, ni ushahidi. Akafikiri kidogo, akaniondolea na hiyo.

Akatoka. Nikatega sikio. Constantine akauliza mzee amesema nini. Na padri, kwa sauti nzito, akajibu kwamba ya kitubio hubaki kwenye kitubio.

Siri ya kitubio! Mimi niliyefundisha katekisimu mpaka watoto wakaikariri usingizini! Nilishtuka nikaruka kitandani, nikafungua mlango nikiwa na shuka, nikapaza sauti: "Padri, ninakuruhusu, sema!"

Milembe akaanguka. Mayala, aliyekuwa amevua kofia na kuikumbatia kifuani, akaivaa upesi na kusema eti Wagika hata kufa hawajui. Constantine alikwenda kupima upepo wa matairi.

Ijumaa, 13 Januari.

Mungu hamtupi mja wake. Wamefika wahesabu ndege! Mwanamke kutoka Dar es Salaam, anaitwa Flora, na Mzungu mrefu asiyesema. Wanahesabu ndege wa majini kando ya ziwa. Nilimweleza mama huyo habari zangu. Hakucheka! Aliuliza rangi, urefu wa mdomo, mlio wake. Akasema sululu huku ni tukio, na akimwona atamwandika pamoja na jina la aliyemwona kwanza. Nilimwita Constantine asikie. Akakubali: mama huyu ana akili timamu. Kesho asubuhi ndiyo hukumu.

Ndipo Mayala akajipenyeza na salamu ya Kisukuma: "Mwadila, mama." Akawaambia wageni kwamba upande wake wa mto, kwenye majaruba ya mpunga, kuna mahali pazuri pa kukaa. Mtu aliyesema ni kwarara! Flora akashukuru, akasema watapita pande zote mbili. Akaongeza: tusijisumbue, wao hukaa kimya tu, hawahitaji kitu.

Nimewaza maneno hayo jioni yote. Mimi si mjinga. Mgeni husema usijisumbue, nimeshiba, na wewe unakimbiza kuku. Mwenyeji anayemwamini mgeni hapo ni bahili. Tena sisi Wasukuma tunajua mchezo unavyoamuliwa. Ngoma mbili zikipigwa uwanja mmoja, mshindi ni yule mwenye watu wengi. Wageni watakwenda penye watu!

Nimeshaagiza wacheza ngoma ya majembe wa Wagika. Wote. Na ngoma kubwa.

Jumamosi, 14 Januari.

Nitaandika kwa mpangilio.

Alfajiri nilibebwa kwenye kiti hadi ukingoni, darubini shingoni, juu chini. Sululu alikuwapo! Palepale, kwenye tope, akichoma mdomo wake ardhini kwa utulivu. Upande wa pili, kwenye mpunga wa Mayala, hapakuwa na mtu anayeonekana. Nikacheka. Mayala hana hata mtu mmoja! Nikainua kitambaa kuwapa ishara wapigaji.

Ngoma zikalia. Majembe yakarushwa juu na kudakwa. Watu wakaja kutoka barabarani, kutoka sokoni, kutoka kwenye mitumbwi. Basi la Musoma lilisimama, abiria wakashuka. Sijapata umati kama ule hata nilipokuwa kijana! Nikatazama huku na huku niwaone wageni wakivutwa na ushindi wangu.

Ndipo ndege wote wa mlango wa mto wakaruka kwa pamoja, kama shuka lililokung'utwa. Na yeye juu yao, akilia ule mlio mrefu wa huzuni niliousikia Tanga. Akavuka mto. Akazunguka. Akatua kwenye mpunga wa Mayala.

Na mpunga ukasimama. Yaani Flora akainuka taratibu kutoka katikati yake, kamera usoni, na Mzungu ubavuni, na nyuma yao kofia ya Mayala. Walikuwa wamekaa humo tangu gizani. Kimya! Bila hata kupewa chai!

Umati ukanishangilia kwamba nimeshinda.

Baadaye.

Flora amepita kuaga, amefurahi sana. Sululu mmoja, amethibitishwa, amepigwa picha. Akaniuliza kwa upole kwa nini ngoma. Nikamwambia ni sikukuu ya Wagika. Akasema yuko tayari kuniandika kuwa mimi ndiye niliyemwona kwanza, ila mimi nithibitishe kwamba ndiye ndege yuleyule. Nitaandikwa pamoja naye Mayala, ambaye ndiye aliyemwonyesha kwa kidole alipotua.

Pamoja naye Mayala.

Kisha Mayala mwenyewe akaja. Hakunijia mimi, alimwendea Constantine. Nilisikia yote kupitia dirishani. Akasema: "Nyanda, kijana wangu, mwache mzee wako. Nimemwona ndege kwa macho yangu. Si kwarara. Mimi ndiye niliyekuwa mjinga, yeye ana akili zake zote. Ukimwondoa, mimi chai nitanywa kwa nani?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani ni umande wa mpunga.

Constantine akaingia, ameinamisha kichwa. Akasema: "Baba, nisamehe. Sema tu neno moja, mbele ya mama Flora. Ndege aliyeonwa na Mzee Mayala ndiye ndege wako? Ukisema ndiye, unabaki."

Wote wakanitazama. Milembe alikuwa ameshaanza kunikunjulia blanketi. Flora ameshika kalamu. Mayala mlangoni, kofia mkononi, anatabasamu kama mtu anayetaka kusaidia.

Kuwa karatasi moja naye! Mgika na Mgalu, sawasawa, milele, mpaka Siberia wasome! Yeye aliyeona usiku!

Nikasema: "Yule wa Mayala? Kwarara."

Nimeshtuka mwenyewe kuona mdomo wangu ulivyo mwepesi. Flora alisema hapana, mwalimu, picha ninayo. Nikasema hata kamera hukosea. Milembe akaanza kukunja blanketi upya.

Jumapili, 15 Januari.

Nimepakiwa. Mbele, karibu na dereva, kama gunia la heshima. Milembe kakaa nyuma na sufuria zake, hasemi nami. Nilimwomba Constantine asimame kidogo nyuma ya nyumba, kwa mama yake. Akasimama muda mrefu kuliko nilivyoomba.

Mayala alitusubiri darajani. Akanipitishia dirishani mfuko wa michembe. Kuniletea viazi vikavu, mimi nisiye na meno! Dhihaka mpaka dakika ya mwisho. Alibaki amesimama pale hadi tulipokata kona. Alikuwa anahakikisha nimeondoka, bila shaka.

Jumatano, 18 Januari. Bariadi.

Chumba kinanuka sabuni. Dirisha linatazama lambo la ng'ombe. Maji kidogo, tope jingi. Nalowanisha michembe kwenye chai, moja moja. Si mibaya.

Jana nililala siku nzima kifua kikibana. Daktari wa hapa naye hakunitazama usoni. Milembe amehamishia mkeka wake mlangoni kwangu.

Leo asubuhi nimeinuka kwa shida, nikaweka darubini jichoni, juu chini. Ukingoni mwa lambo, kati ya kwato za ng'ombe: miguu mirefu, rangi ya nyasi kavu, mdomo wa kupinda!

Amenifuata! Mayala hayuko, Wagalu hawako, ndege ni wangu peke yangu. Nimemwita Constantine. Ametazama, ameuliza kama nimekunywa uji. Milembe naye ametazama. Anasema ni kwarara. Nimeshtuka sana. Hata hapa!

Ila sikati tamaa. Parokia ya hapa ina padri mpya ambaye hanijui. Nitakufa Jumapili baada ya misa ya kwanza. Safari hii nitataja ndege kabla ya kuungama.

Ngoma nimeshaulizia. Wagika wa hapa wanazo kubwa zaidi.