Klachi ya Mama Mayai

Vani kuukuu iliingia gereji ikitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, na Profesa, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajapata mjinga hata mmoja, akashusha pumzi ya shukrani. Riziki ya wengine huja kwa miguu. Yake ilikuja kwa magurudumu.

Profesa hakuwa profesa, wala fundi kamili hakuwa. Alikuwa mdomo wenye spana.

Aliyeshuka ni Mama Mayai, muuza mayai wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye sauti ya usingizi.

"Mwanangu, nikiachia klachi niondoke, gari zima linatetemeka. Meno yananigongana utadhani nina homa."

"Umetoka nalo mbali?"

"Hapo tu, kona ya pili."

Profesa akamwambia arudi ndani, avute breki ya mkono, aweke gia ya kwanza, aachie klachi polepole. Yeye akachungulia chini ya boneti. Injini ikarukaruka, na papo hapo akaona: boliti ya raba inayoshikilia injini imelegea. Ilikuwa inang'aa, na pembeni ina mikwaruzo mipya ya spana, lakini Profesa hakuwa mtu wa kuhoji bahati. Klachi nzima kabisa. Kukaza tu, basi.

Akafunga boneti kwa upole wa mtu anayefunika uso wa marehemu.

"Mama, kaa kwanza."

"Si nimekaa?"

"Gia boksi imekufa, na klachi imeifuata. Hapa una maiti yenye magurudumu."

Mama Mayai akajifuta macho. "Sasa mayai yangu nitayabeba kichwani?"

Profesa akaitazama pikapu yake iliyoegeshwa uani. Yake ni namna ya kusema. Mkewe ndiye aliyeinunua kwa jasho la cherehani, na alishamwonya: siku ukiiuza, hamia hukohuko gereji. Lakini juu ya kilima kulikuwa na mwoka mikate anayetafuta vani kama hii, tayari kuilipia bei ya pikapu mbili. Kabla ya jioni mke angekuwa na pikapu nyingine, tena nzuri zaidi. Werevu wengi wamefilisishwa na hesabu isiyo na kosa.

"Wewe ni kama mama yangu," akasema. "Tubadilishane. Mimi nitaambulia vipuri."

"Mbele ya watu, mwanangu. Sema mbele ya watu kwamba ni maiti. Kesho nisije nikaambiwa nimekudhulumu."

Profesa akawaita muuza chai na mziba pancha, akaitangaza maiti kwa ufasaha uliomliza muuza chai. Wakapeana funguo na kadi za magari. Mama Mayai akaondoka na pikapu bila kugeuka nyuma.

Boliti ikakazwa. Vani ikaondoka laini kama ulimi wa mwenyewe, naye akapanda kilima akiimba.

Nusu ya kilima, mvuke mweupe ukafoka kutoka mbele. Akasimama, akasubiri, kisha akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Kwanza ilitoka harufu ya kifungua kinywa. Kisha vikatoka vipande vyeupe na vya njano, vimeiva vizuri, vimekosa chumvi tu.

Kila fundi anajua yai bichi huziba rejeta inayovuja. Hapa lilikuwa limemiminwa trei zima. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakuta rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili, injini imepasuka. Nalo gari lililotoka kona ya pili tu halipati muda wa kuchemka kabla ya kufika gereji.

Ndipo akaikumbuka ile mikwaruzo. Mwizi akikuta dirisha wazi, haulizi nani amemfungulia.

Akapiga simu.

"Mama, hili gari limekufa."

"Si ndivyo ulivyosema, mwanangu? Tena mbele ya watu. Mimi nilikuamini."

"Na ile boliti?"

"Boliti ndiyo nini? Mimi nauza mayai."

Nyuma ya sauti yake pikapu ilikuwa ikinguruma kwa afya njema.

Profesa akakata simu. Haikumaliza kupoa mkononi, ikaita tena. Mkewe.

Vani ilikuwa imetulia tuli. Kutetemeka sasa kulikuwa kwa Profesa.